Kuwaandaa Wasaidizi Wapya wa Kufundisha Uandishi Chuoni

Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, karibu kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupitia kozi moja ya lazima, awe anasomea uhandisi, uuguzi au historia. Kozi hiyo ni ya uandishi. Katika vyuo vikuu vikubwa vya umma, anayeifundisha mara nyingi si profesa, bali ni mwanafunzi wa uzamili au uzamivu, kwa kawaida wa idara ya Kiingereza, aliyeajiriwa kuwa msaidizi wa kufundisha. Chuo humsamehe ada na kumlipa posho, naye hubeba darasa moja au mawili kila muhula. Ingawa cheo chake ni cha msaidizi, darasani huwa peke yake: yeye ndiye hupanga vipindi, husoma insha, hutoa alama na kusikiliza malalamiko.

Wengi wa wasaidizi hao wamemaliza shahada ya kwanza miezi michache tu kabla ya kupewa darasa. Walikwenda kusoma riwaya, ushairi au nadharia ya fasihi, na hawajapata kufundishwa namna ya kufundisha. Baadhi yao hata kozi yenyewe hawakuisoma, kwa sababu mitihani waliyofaulu wakiwa sekondari iliwasamehe. Waliandika vizuri tangu utotoni na hawakumbuki walijifunzaje. Kwa hiyo chuo kinampa kozi ngumu kuliko zote za mwaka wa kwanza mtu mwenye uzoefu mdogo kuliko wote, na kinachopunguza hatari hiyo ni maandalizi anayopewa.

Maandalizi hayo yana sehemu nne: siku za maelekezo kabla ya muhula, semina inayoendelea muhula mzima, mazoezi ya kusahihisha kwa pamoja, na uangalizi wa mwalimu mzoefu. Kila sehemu ina kazi yake, na yote yanakusudia jambo moja: kumgeuza msaidizi kutoka msahihishaji wa makosa kuwa msomaji wa kazi ambayo bado inaandikwa.

Chimbuko la kozi na la tatizo

Kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza ilianzia Harvard. Mwaka 1874 chuo hicho kilianza kuwataka waombaji waandike insha fupi ya Kiingereza katika mtihani wa kuingia, na matokeo yaliwashtua wakuu wake: vijana kutoka shule bora za nchi walikuwa hawajui kuandika kwa ufasaha. Adams Sherman Hill, aliyesimamia masomo hayo, alipigania kozi ya lazima, na kufikia mwaka 1885 kozi iliyoitwa English A ilikuwa imewekwa mwaka wa kwanza. Vyuo vingine vikafuata mfano huo upesi.

Tangu mwanzo tatizo lilikuwa wingi wa karatasi. Mwanafunzi wa hisabati anaweza kufanya mtihani mmoja ukasahihishwa kwa dakika chache, lakini anayejifunza kuandika hana budi kuandika mara nyingi, na kila anachoandika kinahitaji msomaji. Jarida la English Journal lilipotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1912, Edwin Hopkins aliuliza katika toleo hilo kama inawezekana kufundisha uandishi vizuri katika hali iliyokuwapo. Akajibu kwamba haiwezekani. Walimu walikuwa na wanafunzi wengi kuliko macho yao yalivyoweza kuhimili.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, sheria ya mwaka 1944 iliyowalipia masomo askari waliorudi kutoka vitani iliongeza idadi ya wanafunzi kwa kasi. Vyuo vilihitaji walimu wengi kwa gharama ndogo, na wanafunzi wa shahada za juu walikuwapo tayari. Mwaka 1949 walimu wa kozi hizo waliunda jumuiya yao, inayojulikana kwa kifupi kama CCCC, na mwaka uliofuata wakaanzisha jarida lao. Hapo ndipo swali la namna ya kuwaandaa wasaidizi lilipoanza kujadiliwa kama suala la taaluma. Kabla ya hapo, msaidizi wa kawaida alikabidhiwa kitabu cha sarufi, orodha ya alama za kusahihishia na namba ya chumba.

Mabadiliko makubwa yalikuja kati ya mwaka 1970 na 1985. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilifungua milango kwa kila aliyemaliza sekondari katika jiji hilo. Mina Shaughnessy, aliyeongoza mafunzo ya uandishi katika City College, alichunguza insha zipatazo 4,000 za wanafunzi hao na kuchapisha matokeo mwaka 1977 katika kitabu Errors and Expectations. Alionyesha kwamba makosa ya mwanafunzi yana mantiki: nyuma ya kosa linalorudiwa mara nyingi kuna kanuni ambayo mwandishi ameielewa nusu, au ameihamisha kutoka mahali pengine. Mwalimu anayehesabu makosa bila kutafuta kanuni hiyo hawezi kumsaidia mwanafunzi. Hoja hiyo ilibadilisha mafunzo ya walimu wapya, kwa kuwa sasa walihitaji kujua jambo zaidi ya sarufi. Walihitaji kujua namna ya kusoma.

Siku za maelekezo

Mwezi Agosti, kabla wanafunzi hawajafika, wasaidizi wapya hukusanywa kwa siku chache, na katika baadhi ya vyuo kwa wiki mbili. Anayewaongoza ni mkurugenzi wa programu ya uandishi, profesa ambaye kazi yake ni kusimamia kozi yenye makundi kadhaa au hata mamia. Mkurugenzi huwa na mengi ya kusema na muda mfupi wa kuyasema, na kosa la kawaida ni kujaribu kuyamaliza yote. Mtu anayeogopa Jumatatu ijayo hawezi kusikiliza historia ya balagha tangu Aristotle.

Programu nzuri huyapa mambo matatu kipaumbele. La kwanza ni mwongozo wa kozi. Wasaidizi wengi katika muhula wa kwanza hupewa mwongozo ulioandaliwa tayari, wenye kazi kuu nne au tano, tarehe za kukusanya na vigezo vya alama. Wengine huona kwamba wanabanwa, lakini mwongozo wa pamoja huwaondolea mzigo wa kubuni kila kitu wakati bado hawajui darasa linavyokwenda. Katika mwaka wa pili huruhusiwa kuandika mwongozo wao.

La pili ni siku ya kwanza darasani. Wasaidizi hupanga kwa dakika watakachofanya: namna ya kuingia, kujitambulisha, kuita majina, kueleza kozi, na hasa kuwaandikisha wanafunzi kitu kabla kipindi hakijaisha. Darasa la uandishi ambalo halikuandika siku ya kwanza hujifunza kwamba mwalimu ndiye atakayezungumza muhula mzima.

La tatu ni sheria na taratibu. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 hulinda kumbukumbu za masomo ya mwanafunzi, hivyo mzazi akipiga simu kuuliza alama za mtoto wake chuoni, msaidizi haruhusiwi kuzitaja bila idhini ya mwanafunzi mwenyewe. Vilevile msaidizi anapaswa kujua wapi pa kumpeleka mwanafunzi aliyeandika kuhusu kutaka kujidhuru, nani anashughulikia mwenye ulemavu anayehitaji muda wa ziada, na hatua za kufuata akishuku kwamba insha imeibwa. Insha huwafichua wanafunzi kuliko mtihani wa kuchagua majibu. Mwalimu wa uandishi mara nyingi huwa mtu wa kwanza chuoni kujua kwamba mwanafunzi amefiwa, ana njaa au ameacha kulala.

Semina ya muhula

Maelekezo ya Agosti hayatoshi kwa sababu maswali yenyewe huja baadaye. Msaidizi hawezi kuuliza kwa nini mjadala ulikufa kabla mjadala haujamfia. Kwa hiyo vyuo vingi huwataka wasaidizi wapya wahudhurie semina kila wiki katika muhula wao wa kwanza. Semina hiyo huwa na alama kama kozi nyingine ya uzamili, na huchanganya usomaji wa nadharia na mazungumzo ya yaliyotokea darasani wiki hiyo.

Maandishi yanayosomwa yanatofautiana, lakini machache hurudi karibu kila mahali. Mwaka 1971 Janet Emig alichapisha uchunguzi wa wanafunzi wanane wa darasa la kumi na mbili, aliowaomba waseme kwa sauti wanachofikiri huku wakiandika. Aligundua kwamba uandishi wao haukufuata mpangilio ulioelezwa katika vitabu vya shule, wa kuandaa muhtasari, kuandika, kisha kusahihisha. Walisimama, wakarudi nyuma, wakabadili nia katikati ya sentensi. Mwaka uliofuata Donald Murray alitoa wito kwamba kinachofundishwa kiwe mchakato wa kuandika badala ya kazi iliyokwisha. Mwaka 1973 Peter Elbow alieneza zoezi la kuandika mfululizo kwa dakika chache bila kusimama wala kusahihisha, ili mwandishi apate malighafi ya kufanyia kazi baadaye. Kutokana na maandishi kama hayo, rasimu mbili au tatu kwa kila insha zimekuwa jambo la kawaida katika kozi hiyo.

Si kila msaidizi hupokea nadharia hizi kwa furaha. Anayesomea fasihi ya karne ya kumi na nane huona anapotezewa muda, na aliyechoka huomba apewe tu zoezi la kesho. E. Shelley Reid, Heidi Estrem na Marcia Belcheir walichapisha mwaka 2012 uchunguzi wa miaka mitatu kuhusu wasaidizi katika vyuo vikuu viwili. Waliona kwamba wasaidizi walipoeleza chanzo cha maamuzi yao ya darasani, walitaja zaidi uzoefu wao wenyewe kuliko waliyosoma semina. Mwalimu hufundisha alivyofundishwa, na semina ya muhula mmoja haifuti miaka kumi na sita ya kukaa kwenye dawati.

Wakurugenzi wamejifunza kutokana na hali hiyo kuunganisha nadharia na kazi iliyo mezani. Badala ya kujadili makala kuhusu maoni ya mwalimu kwa ujumla, semina huipanga wiki ileile ambayo wasaidizi wamekusanya rasimu za kwanza. Kila mmoja huja na insha tatu alizokwisha kuziandikia maoni, majina ya wanafunzi yakiwa yamefutwa, na wenzake huzisoma pamoja na makala. Pia huandikishwa wenyewe kazi wanazowapa wanafunzi wao. Msaidizi aliyejaribu kuandika kazi yake mwenyewe kwa usiku mmoja hugundua haraka maelekezo yalipokosa kueleweka.

Kuandika swali la insha

Kasoro nyingi za insha za wanafunzi huanzia kwenye swali la mwalimu. Msaidizi mpya huandika hivi: "Andika kurasa tano kuhusu usafiri wa umma." Swali hilo halisemi nani anaandika, kwa ajili ya nani wala ili iweje. Mwanafunzi hujaza kurasa kwa maelezo ya jumla, kisha mwalimu humlaumu kwa kutokuwa na hoja.

Semina humfundisha msaidizi kuweka ndani ya swali hali ya uandishi yenyewe: "Halmashauri ya mji wako inafikiria kufuta nauli za mabasi. Mwandikie diwani wako barua ya maneno 1,200 ukimshauri aunge mkono au apinge. Tumia angalau vyanzo vitatu, na ujibu pingamizi moja ambalo diwani huyo anaweza kuwa nalo." Hapa kuna hadhira, kusudi, aina ya maandishi na mpaka. Mwanafunzi analazimika kuchagua upande na kufikiri kuhusu mtu anayemwandikia.

Baada ya swali huja hatua. Kazi kubwa hugawanywa: wiki ya kwanza pendekezo la aya moja, wiki ya pili muhtasari wa vyanzo, wiki ya tatu rasimu, wiki ya nne insha kamili. Mpangilio huo humwezesha mwalimu kuona kazi inapopotoka mapema, wakati mwanafunzi bado anaweza kugeuka. Pia ni kinga nzuri dhidi ya insha za kununua na za kunakili, kwa sababu mwizi hana rasimu za nyuma.

Kusoma na kuandika maoni

Sehemu hii ndiyo moyo wa mafunzo, na ndiyo huwalia wasaidizi muda mwingi kuliko zote. Hesabu yake ni rahisi. Mwenye madarasa mawili ya wanafunzi 20 ana insha 40. Akitumia dakika 20 kwa kila moja, duru moja ni zaidi ya saa 13. Kazi nne zenye rasimu mbili kila moja ni duru nane, yaani zaidi ya saa 100 kwa muhula, na bado ana kozi zake za kusoma.

Msaidizi asiyefundishwa hufanya kila kitu kwa wakati mmoja. Hurekebisha mkato kwenye mstari wa kwanza, huandika "fafanua" kwenye wa tatu, huzungushia neno duara kwenye wa tano, na kufikia mwisho karatasi imejaa wino ilhali mwanafunzi hajui jambo lipi ni kubwa. Nancy Sommers alichunguza maoni ya walimu 35 wa vyuo vikuu vya New York na Oklahoma, na mwaka 1982 akatoa matokeo yanayosomwa mpaka leo. Maoni mengi yalikuwa ya jumla kiasi kwamba yangeweza kuhamishwa kutoka insha moja hadi nyingine bila mtu kutambua. Tena yalijipinga: mwalimu alimtaka mwanafunzi asahihishe sentensi, na papo hapo akamwambia kwamba aya nzima yenye sentensi hiyo inahitaji kuandikwa upya.

Kanuni inayotokana na hilo ni ya mpangilio. Kwenye rasimu ya kwanza msomaji hushughulikia mambo makubwa: je, kuna hoja, inajibu swali, ushahidi unaibeba, aya zimepangwa kwa mantiki? Lugha ya sentensi husubiri, isipokuwa pale inapozuia maana. Kwenye rasimu ya mwisho ndipo sarufi, tahajia na taratibu za kutaja vyanzo zinapochukua nafasi.

Kanuni ya pili ni kusema kinachoonekana kwenye karatasi hiyo hiyo. Tuseme mwanafunzi wa insha ya mabasi ametaja jiji moja lenye wakazi milioni kama ushahidi wake. Maoni ya "toa ushahidi zaidi" hayamsaidii. Yanayomsaidia ni haya: "Unasema nauli ikifutwa abiria wataongezeka, na mfano wako ni jiji kubwa. Mji wenu una wakazi 40,000. Diwani atauliza kama mfano huo unawahusu. Utamjibu nini?" Maoni hayo yanamwonyesha mwandishi msomaji halisi akikwama, na yanamwachia yeye kazi ya kutafuta njia.

Kanuni ya tatu ni uchache. Mambo mawili au matatu kwa rasimu moja yanatosha. Kuhusu makosa madogo, Richard Haswell alipendekeza mwaka 1983 njia ambayo wasaidizi huipenda mara wakiijaribu: mwalimu huweka alama ndogo pembeni mwa mstari wenye kosa, bila kulitaja wala kulizungushia duara. Mwanafunzi hulitafuta mwenyewe, na Haswell aliona kwamba wanafunzi wake waligundua na kurekebisha zaidi ya nusu ya makosa hayo bila msaada. Makosa hayo yalitokana na haraka, na kuyaandikia maelezo ni kupoteza muda wa pande zote mbili. Yanayobaki ndiyo yanayohitaji kufundishwa.

Wasaidizi huambiwa pia ukweli mmoja unaowatuliza. Malalamiko kwamba vijana wa siku hizi hawajui kuandika yamekuwapo tangu Harvard ya mwaka 1874. Andrea Lunsford na Karen Lunsford walipochunguza insha za mwaka wa kwanza zilizokusanywa mwaka 2006, walipata makosa 2.45 kwa kila maneno 100. Uchunguzi wa insha za mwaka 1986 ulikuwa umepata 2.26, na ule wa mwaka 1917 ulipata 2.11. Tofauti ni ndogo. Kilichobadilika sana ni urefu: insha ya wastani ilikuwa na maneno 162 mwaka 1917, na zaidi ya 1,000 mwaka 2006. Wanafunzi wa sasa wanaombwa kufanya kazi kubwa zaidi, na bado kiwango chao cha makosa hakijapanda sana.

Kulinganisha alama

Mwaka 1961 Paul Diederich na wenzake katika shirika la mitihani la ETS waliwapa wasomaji 53 wa taaluma mbalimbali insha 300 wazipange katika madaraja tisa bila kuwapa vigezo. Asilimia 94 ya insha zilipata madaraja saba, manane au yote tisa. Hakuna hata moja iliyopata chini ya matano. Wengine walithamini mawazo, wengine sarufi, wengine mpangilio, wengine ladha ya lugha.

Kwa programu yenye makundi mengi, matokeo hayo yana maana kwamba alama ya mwanafunzi inaweza kutegemea chumba alichopangiwa. Dawa ni vikao vya kulinganisha. Wasaidizi wote hupewa insha ileile, kila mmoja huisoma peke yake kwa kufuata jedwali la vigezo, kisha alama huandikwa ubaoni. Penye tofauti kubwa, walioko pembeni hueleza walichokiona. Mkurugenzi huongoza mazungumzo mpaka kundi likubaliane, si kwa kupiga kura, bali kwa kurudi kwenye maandishi na vigezo. Zoezi hurudiwa kwa insha nne au tano, na tena katikati ya muhula.

Faida yake si alama zinazofanana tu. Wasaidizi wapya huelekea kwenye ncha mbili: mmoja hutoa alama za juu kwa huruma au hofu, mwingine hukaza kuliko profesa ili aonekane mwalimu wa kweli. Kikao humwonyesha kila mmoja upande anaoegemea kabla wanafunzi hawajalipia.

Mamlaka darasani

Msaidizi wa miaka 23 anayefundisha wanafunzi wa miaka 18 huwa na wasiwasi wa kudharauliwa. Baadhi huuficha kwa ukali, wengine kwa urafiki uliopita kiasi. Ushauri unaofanya kazi ni wa kawaida: kufika mapema, kurudisha kazi siku iliyoahidiwa, kutumia kanuni ileile kwa wote, na kukiri asichokijua kisha kukileta kipindi kinachofuata. Mabishano kuhusu alama hayafanyiki mlangoni baada ya kipindi. Mwanafunzi huombwa asubiri siku moja, aandike hoja yake, kisha aje ofisini katika saa zilizotengwa.

Mazungumzo ya ana kwa ana, ya dakika 15 hadi 20 kwa kila mwanafunzi, ni chombo ambacho wasaidizi hujifunza kukithamini. Mwanafunzi huombwa aanze yeye kusema insha yake inajaribu kufanya nini. Mara nyingi anachosema ni kizuri kuliko alichoandika, na kazi ya mwalimu huwa kumwambia akiandike hicho.

Mafunzo hugusa pia tofauti za lugha. Mwaka 1974 CCCC ilipitisha azimio la kutetea haki ya wanafunzi kutumia lahaja zao wenyewe, na mjadala kuhusu namna ya kulitekeleza azimio hilo huku wanafunzi wakiandaliwa kuandika Kiingereza sanifu haujaisha. Msaidizi anatarajiwa kutofautisha kosa la uzembe, umbo la lahaja, na alama ya lugha ya kwanza ya mwanafunzi aliyetoka nje. Wasaidizi wenyewe wanaotoka nchi za nje hukutana na upande wa pili wa suala hilo: majimbo kama Ohio na Pennsylvania yana sheria zinazovitaka vyuo kuhakikisha kwamba walimu wanazungumza Kiingereza kwa ufasaha.

Uangalizi, na programu za akili bandia

Kila msaidizi mpya hutembelewa darasani angalau mara moja katika muhula wa kwanza. Ziara yenye manufaa ina hatua tatu. Kabla ya kipindi, msaidizi humweleza mtembeleaji anachotaka kukifanya na anachotaka kiangaliwe. Wakati wa kipindi, mtembeleaji huandika kinachotokea bila kuhukumu: nani alizungumza, swali lilisubiriwa kwa sekunde ngapi, wanafunzi waliandika wakati gani. Baada ya kipindi, wawili hao huzungumza kwa kuanzia kwenye kumbukumbu hizo. Ripoti inayotumika kumwajiri au kumfukuza mtu ni kitu kingine, na programu zinazochanganya viwili hivyo hupata wasaidizi wanaoonyesha kipindi cha maonyesho siku ya ziara.

Tangu ChatGPT itolewe Novemba 2022, semina zimepata mada mpya. Msaidizi hawezi kuthibitisha kwa uhakika kwamba insha imeandikwa na mashine, na programu zinazodai kutambua maandishi hayo huwatuhumu pia wasio na hatia. Jibu lililo imara ni lilelile la zamani: kazi zenye hatua, rasimu zinazojadiliwa ana kwa ana, maandishi ya darasani, na maswali yanayomfunga mwanafunzi kwenye mambo aliyoyaona mwenyewe. Aliyejifunza kuusoma mchakato wa mwanafunzi ana ulinzi zaidi kuliko anayesubiri karatasi ya mwisho.

Masharti ya kazi

Mafunzo bora hayawezi kufidia mzigo usiobebeka. Mwongozo wa CCCC unapendekeza darasa la uandishi lisizidi wanafunzi 20, ikiwezekana 15, na mwalimu mmoja asiwe na zaidi ya 60 kwa muhula. Vyuo vingi huvuka idadi hiyo ya darasa. Msaidizi naye ni mwanafunzi: akipewa madarasa mawili, huahirisha tasnifu yake au husoma insha juujuu. Ndiyo sababu wasaidizi walianza kujiunga pamoja kudai haki zao. Chama cha wasaidizi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison kilianzishwa mwaka 1966, na mwaka 2016 bodi ya shirikisho ya mahusiano ya kazi iliamua, katika shauri la Columbia, kwamba wasaidizi wa vyuo binafsi ni wafanyakazi wenye haki ya kuunda vyama.

Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vina kozi inayokaribiana na hii, ya stadi za mawasiliano kwa mwaka wa kwanza. Mhadhiri huzungumza mbele ya mamia ya wanafunzi, na makundi ya semina huachiwa wakufunzi wasaidizi, wahitimu waliofaulu vizuri na kubakizwa chuoni. Kwa makundi ya ukubwa huo, rasimu tatu kwa kila mwanafunzi ni ndoto. Hata hivyo, mambo matatu katika mafunzo haya hayahitaji fedha wala darasa dogo: swali la insha lenye hadhira na kusudi, alama ndogo pembeni badala ya kalamu nyekundu kila mahali, na kikao cha kulinganisha alama kabla ya kusahihisha. Idara yoyote inaweza kuanza nayo muhula ujao. Chuo kinachowapa wasaidizi darasa bila kuwapa hata hayo hakijapunguza gharama yoyote. Kimeihamishia kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza.